Kemia Inahesabiwa Mara Nne

Kila Januari, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, watu wa vijiji vilivyo nyuma ya soko la Kabati hupita kwa Mzee Ndululu kabla ya kuamini walichokiona kwenye simu. Simu huwa tayari imewaambia gredi ya wastani, lakini hiyo haiwatoshi. Hutaka kuiona ikitoka kwenye kalamu ya Ndululu, pointi kwa pointi, ndipo waende kuchinja kuku au kukaa na huzuni yao.

Kazi hiyo hakupewa na mtu. Kwa miaka mingi alikuwa mpimaji katika ghala la ndengu pale Kabati, na hesabu alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni la gumbaru, akiwa na watoto watatu nyumbani. Mtihani wa darasa la nane aliufanya akiwa na ndevu, amekaa dawati moja na kijana wa rika la mwanawe, akaupita. Jambo hilo hakulificha. Ilikuwa vigumu kukaa naye nusu saa bila kulisikia.

Mwaka huu wa kwanza kufika alikuwa Salat, mwenye duka la vyombo, pamoja na binti yake Intisar. Salat alizaliwa huko kaskazini kwa wafuga ngamia, lakini alikuwa ameishi Kabati muda mrefu kiasi cha kutaniana na wazee wa hapo kwa Kikamba.

"Mwalimu wa usiku," alisema akivuta kiti, "kama ni mbaya, niambie polepole."

"Habari mbaya umeiacha dukani kwako, pale kwenye bei ya sufuria. Hebu Intisar, nisomee."

Intisar akasoma masomo yake manane. Ndululu akaandika gredi, na kando ya kila gredi akaweka pointi zake, kumi na mbili kwa A, moja kwa E, na zilizo katikati kwa ngazi zake. Alieleza kwa sauti anachofanya, ingawa Intisar alikijua vizuri. Hisabati ni lazima, lugha moja ni lazima, halafu unachukua matano yaliyobaki yenye pointi nyingi. Somo la nane linaachwa. Jiografia ya Intisar, iliyokuwa na D ya jumlisha, ikapigwa mstari kama haikuwahi kufundishwa. Pointi zilizobaki zilikuwa hamsini na nane. Alizigawanya kwa saba, akapata nane na kitu, akaandika B ya kutoa na kuizungushia duara.

"Ndivyo simu ilivyosema," Intisar alisema.

"Basi simu imejitahidi," Ndululu akajibu.

Uani, mjukuu wake Kanini alikuwa akipiga ndengu kwa fimbo juu ya turubai, maganda yakipasuka na vumbi likimfika kwenye kilemba. Alikuwa amemaliza muhula wa kwanza wa uuguzi katika chuo kimoja upande wa Makindu, na alikuwa nyumbani kwa likizo. Salat, ambaye hakuwa na haraka ya kurudi dukani, akauliza huyu naye alipata nini huko Makindu.

Ndululu alikuwa akilisubiri swali hilo. Karo ya Kanini ililipwa na mfuko wa elimu wa kanisa, chini ya kamati ya Mama Wayua, na masharti yake yalijulikana na kila mshirika: mwisho wa mwaka wa kwanza, wastani wa mwanafunzi, ule unaoitwa GPA, usipungue tatu kati ya nne. Ukipungua, nafasi inapewa mtoto mwingine, na waliongoja walikuwa wengi. Tena kulikuwa na desturi kwamba Jumapili ya mwisho ya Januari, mlezi wa kila mwanafunzi husimama mbele ya washirika na kusema mtoto ameendeleaje. Ndululu alimlea Kanini tangu akiwa darasa la pili. Ni yeye ambaye angesimama.

"Njoo na hiyo simu," alimwambia.

Kanini alijipangusa mikono akaja. Masomo yalikuwa sita. Kemia C, Anatomia C, Takwimu B, Mawasiliano A, Kompyuta A, Maadili ya Kikristo A. Ndululu aliuliza A yao ina pointi ngapi, akaambiwa nne, B tatu, C mbili. Aliona ni mfumo wa watu wavivu, wenye ngazi chache, lakini hesabu ni hesabu. Akapiga mstari juu ya Kemia, akajumlisha matano yaliyobaki, akapata kumi na saba, akagawanya kwa tano.

"Tatu nukta nne," alisema, na kumtazama Salat.

"Mashallah," Salat alisema. "Kumbe Wakamba nao wanasoma."

"Babu," Kanini alisema, "chuoni hawaachi somo. Yote yanahesabiwa."

Ndululu hakukasirika. Alirudisha Kemia mahali pake, akapata kumi na tisa, akagawanya kwa sita. Tatu nukta moja saba. Bado ilikuwa juu ya tatu. Alimwambia Kanini kwamba amefanya vyema kumrekebisha, kwani ukweli hauhitaji kuongezewa chumvi, akacheka. Kanini alisimama kidogo, mdomo umefunguka kama mtu aliye na neno la pili. Kisha alirudi kwenye turubai akaanza tena kupiga ndengu. Ndululu aliona kwamba anapiga kwa nguvu kuliko mwanzo. Akafikiri ni furaha.

Kesho yake alienda sokoni na kumweleza Mama Wayua ile tatu nukta moja saba. Alimweleza pia fundi wa viatu, mwenye posho mili ya kusaga unga, na mtu mmoja aliyekuwa akiuliza njia ya kwenda Tseikuru.

Jumamosi adhuhuri Mama Wayua alifika mwenyewe nyumbani, jambo ambalo hakulifanya bila sababu. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke asiyezunguka. Alikubali kiti, akakataa chai, akasema chuo kimetuma kwa kamati matokeo ya wanafunzi wote wanaofadhiliwa. Wastani wa Kanini ulikuwa mbili nukta nane moja.

"Sasa, Mzee, ile tatu yako ilitoka wapi?"

Ndululu alisema ilitoka kwenye masomo sita na kalamu. Alisema chuo kimekosea, na kwamba Jumatatu angepanda gari hadi Makindu awaonyeshe. Mama Wayua alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamweleza kwa upole kwamba kwenye kamati kuna waliokwisha kusema kuwa msichana amemdanganya babu yake, na wengine wamesema babu ndiye anayewadanganya watu. Yeye hakuamini lolote kati ya hayo. Lakini kesho ingekuwa vizuri Mzee akisimama aseme tu kwamba mtoto anaendelea vyema, asitaje nambari, akae.

Alipoondoka, Ndululu alimwita Kanini. Nyanya yake, Kasyoka, ambaye watoto wote humwita Susu, alitoka jikoni na ungo mkononi akasimama mlangoni.

"Nambari ya chuo uliijua?"

"Niliijua, Babu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijatoka Makindu."

"Ukaniacha niitembeze yangu soko lote."

Kanini alikuwa akitazama chini. "Nilikurekebisha moja ukacheka. La pili likanishinda."

"La pili ni lipi?"

Akamweleza. Chuoni masomo hayalingani uzito. Kila somo lina krediti zake, kulingana na saa zinazofundishwa kwa wiki. Kemia ina nne, Anatomia nne, Takwimu tatu, Mawasiliano mbili, Kompyuta mbili, Maadili moja. Pointi za kila somo huzidishwa kwa krediti zake, zinajumlishwa, halafu jumla inagawanywa kwa krediti zote, si kwa idadi ya masomo.

"Somo ni somo," Ndululu alisema. "Hapa Intisar, Hisabati yake na Dini yake zimehesabiwa sawasawa."

"Ni kwa sekondari, Babu. Huko Kemia inahesabiwa mara nne."

"Nani aliamua?"

Ndululu akasema ni mbinu ya kuwaangusha watoto wa maskini, akainuka, akaenda kwenye ghala lake dogo nyuma ya nyumba, alikoenda kila alipotaka asiongeleshwe.

Humo ndani magunia ya mavuno yalikuwa yameegemea ukuta. Manne yalikuwa ya ndengu zilizonyeshewa, zenye madoa, na moja la ndengu safi za kijani zilizotangulia kukomaa. Alikuwa ameyapanga mwenyewe juzi. Aliyatazama bila nia yoyote, kwa mazoea tu ya mtu aliyetazama magunia maisha yake yote, na ndipo akamkumbuka mkulima wa aina fulani ambaye kila msimu hakukosa kuja kwenye ghala la Kabati. Mtu huyo huleta magunia manne ya daraja la pili na moja la daraja la kwanza, kisha hutaka yote matano yalipwe bei ya katikati. Nimekuletea daraja mbili, atasema, basi tugawanye kwa mbili. Ndululu alikuwa akiwacheka watu hao. Aliwaambia mbele ya foleni yote kwamba mzani haupimi daraja, unapima magunia, na kwamba moja zuri haliwezi kubeba manne mabaya mgongoni.

Alikaa juu ya gunia lililo safi.

Alipotoka aliomba kalamu, akaandika peke yake, bila kueleza kwa sauti. Kemia mbili mara nne, nane. Anatomia, nane. Takwimu tatu mara tatu, tisa. Mawasiliano nne mara mbili, nane. Kompyuta nane. Maadili nne. Jumla arobaini na tano. Krediti kumi na sita. Aligawanya, na ile mbili nukta nane moja ikatoka polepole, tarakimu moja baada ya nyingine, mbele ya macho yake.

"Hawajakosea," alisema.

Kasyoka akauliza kama basi mtoto amefukuzwa. Ndululu akasema bado, sharti ni la mwisho wa mwaka, na muhula wa pili haujaanza. Akamuuliza Kanini muhula huo una krediti ngapi. Kumi na sita tena. Pamoja ni thelathini na mbili, na ili zifike wastani wa tatu, zinahitaji pointi tisini na sita. Alikuwa nazo arobaini na tano.

"Hamsini na moja," wote wawili walisema karibu kwa pamoja.

Ndululu akamtaka amtajie masomo yanayokuja. Biokemia nne, Fiziolojia nne, Uuguzi wa Msingi tatu, Saikolojia mbili, Lishe mbili, Maadili moja. Alimuuliza jioni zake huko chuoni alizitumiaje. Kanini alikiri kwamba Mawasiliano na Kompyuta zilimpa moyo kwa sababu alama zilikuja haraka, hivyo alizikalia sana, na Kemia aliifungua tu mtihani ulipokaribia na hofu kumshika. Alijua krediti zipo. Hakuzifikiria mpaka matokeo yalipotoka.

"Biokemia ni mtoto wa hiyo Kemia?"

"Ndiyo, Babu."

"Basi hapo ndipo penye kazi."

Jumapili kanisa lilijaa. Walezi waliitwa mmoja mmoja, na kila mmoja alisema mtoto anaendelea vyema kwa neema ya Bwana, akapigiwa makofi, akakaa. Ndululu alipoitwa alisimama wima na koti lake la kahawia, akasema wengi hapa wamemsikia sokoni akitaja tatu nukta moja saba. Nambari hiyo haikuwa kweli. Mtoto hakumdanganya. Ni yeye aliyehesabu masomo kana kwamba yote yana uzito mmoja, naye ni mtu aliyefanya kazi kwenye mzani. Nambari ya kweli ni mbili nukta nane moja.

Watu wakapiga makofi.

Ndululu aliinua mkono. "Msipige," alisema. "Hiyo haitoshi."

Makofi yakafa vibaya, mengine yakichelewa. Mtu mmoja wa viti vya nyuma akauliza, kati ya nne, si hiyo ni karibu asilimia sabini, na sabini si ni nzuri? Ndululu akamjibu kwamba kamati haikuomba asilimia, iliomba tatu. Akaeleza habari ya krediti kwa magunia ya ndengu, na kwa kuwa kila mtu mle ndani alikuwa na ndengu nyumbani wiki hiyo, hakuna aliyepotea. Akamaliza kwa kusema mtoto anahitaji pointi hamsini na moja, na wanaotaka kumwombea waombee hizo, wasiombe kwa jumla jumla.

Mama Wayua hakuwa amepanga kusema, lakini alisimama. "Kanini, utazipata?"

Kanini alisimama pale alipokaa na kwaya. Mtu yeyote angetarajia aseme kwa uwezo wa Mungu.

"Sijui, Mama," alisema. "Kemia sijaielewa. Nikirudi hivi nilivyo, sitazipata."

Halafu Nzioka, aliyefundisha Kemia katika sekondari moja ya hapo karibu na ambaye huwa anasinzia wakati wa mahubiri, akasema bila kusimama kwamba zimebaki siku chache kabla chuo hakijafunguliwa, na yeye jioni yuko nyumbani. Aje na madaftari yake.

Kanini alienda kila jioni. Ndululu alimsindikiza siku ya kwanza ili kumshukuru Nzioka, siku ya pili ili kuona anavyofundisha, na kuanzia hapo hakutafuta sababu tena. Alikaa kwenye kochi nyuma ya msichana, akasikiliza habari za moli, kipimo cha wanakemia, na jioni moja aliuliza swali ambalo lilimfanya Nzioka afute ubao wote na kuanza upya. Njiani walipokuwa wakirudi Kanini alimwambia, "Babu, tafadhali usiulize sana. Mimi ndiye nina mtihani." Alikubali. Kesho yake aliuliza mawili tu.

Chuo kilipofunguliwa Kanini alipanda gari kwenda Makindu na akaacha kwaya ya chuo ili jioni zake apewe Biokemia. Alipopiga simu nyumbani alizungumza na Susu habari za chakula na afya, na babu yake alipopewa simu aliuliza jambo moja tu: Biokemia imefika wapi. Kwenye majaribio ya kwanza ilifika C. Ndululu alirudisha simu kwa mke wake, akaenda kukaa ghalani, ambako sasa hakukuwa na gunia hata moja.

Matokeo yalitoka Juni. Kanini alipiga simu mchana, na sauti yake haikuonyesha chochote. Ndululu alimwambia kwamba kama kuna nambari imeandikwa pale chini asiitaje. Asome gredi tu.

"Biokemia, B."

Ndululu aliandika kumi na mbili na kupumua.

"Fiziolojia, C."

Nane. Kalamu ilikaa juu ya karatasi kidogo kabla ya kuendelea. Uuguzi wa Msingi ulikuwa A, kumi na mbili. Saikolojia A, nane. Lishe A, nane. Alikuwa na arobaini na nane, na somo lililobaki lilikuwa moja, lenye krediti moja. Kwa A angepata nne. Kwa C, mbili, na zisingetosha.

"Maadili?"

"B."

"Maadili ya Kikristo, B? Wewe umelelewa wapi?"

"Babu, andika."

Akaandika tatu. Hamsini na moja. Akajumlisha na zile za kwanza, tisini na sita, akagawanya kwa thelathini na mbili, na hesabu ikaisha pale pale bila baki. Ndululu hakuwa na imani na hesabu zinazoisha bila baki, kwa sababu katika ghala la Kabati mara nyingi zilikuwa zimepikwa. Aliigawanya tena upande wa pili wa karatasi. Ikatoka vile vile.

"Tatu," alisema. "Tatu kamili."

"Ndivyo tovuti inavyosema," Kanini alisema, na sasa sauti yake ilianza kuvunjika.

Kasyoka, aliyekuwa amesimama nyuma yake muda huo wote, akauliza kama tatu yenyewe inakubalika au lazima iwe imezidi. Ndululu akamwambia mtoto asikate simu. Alichukua simu ya Kasyoka, akampigia Mama Wayua, akamuuliza sharti limeandikwa kwa maneno gani hasa. Mama Wayua alikwenda kulitafuta. Wakangoja, simu moja sikio hili, nyingine sikio lile, Kanini akisikika akipumua huko Makindu. Kisha mwalimu mkuu mstaafu akarudi na kumsomea neno kwa neno, kwa sauti ya darasani: wastani usiopungua tatu.

"Usiopungua," Ndululu akarudia.

"Haujapungua, Mzee," Mama Wayua alisema. "Mwambie arudi shule."

Alimwambia. Upande wa pili pakawa na kilio ambacho Ndululu alikiacha kiendelee bila kukikatiza. Kilipopungua alivuta kiti karibu na meza, akageuza karatasi ili apate mahali palipo safi.

"Sasa mwaka wa pili," alisema. "Nitajie masomo, na krediti zake zote."